Mwendokasi na Safari Inayoanzia Nyumbani

Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo wakazi wa jiji wanayaita mwendokasi, yalianza kubeba abiria Mei 2016 katika njia ya takribani kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwamba mabasi hayo yana kasi halina ubishi, kwa sababu yana barabara yao. Linalohitaji kupimwa ni kama yamemrahisishia safari mtu ambaye mwili wake, umri wake au mzigo wake haumruhusu kukimbilia basi.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Katika daladala, abiria hupanda ngazi huku konda akigonga bodi kabla hajashika chuma vizuri, na aliye kwenye kiti mwendo hubebwa mikononi na watu asiowajua, kama konda atakubali kumchukua. Kituo cha mwendokasi kilijengwa kwa fikra nyingine kabisa: jukwaa lina kimo sawa na sakafu ya basi, nauli hulipwa kabla ya kupanda, na milango ni mipana. Mjamzito, mzee mwenye maumivu ya magoti na anayetembea kwa fimbo nyeupe wanaweza kuingia bila kupanda ngazi hata moja. Kwa maoni yangu, hakuna kitu katika usafiri wa umma wa jiji hili kilichomheshimu abiria kuliko jukwaa hilo.

Hata hivyo, jukwaa hilo lina maana pale tu basi linapofika likiwa na nafasi. Huduma ilianza na mabasi 140, nayo ilikusudiwa kuwa ya mpito. Karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi ambalo hufurika mvua kubwa zinaponyesha, na mafuriko yamewahi kusimamisha safari na kuharibu mabasi. Mabasi yanapopungua, watu hujaa jukwaani, na mlango unapofunguka anayetangulia ni mwenye nguvu. Hapo yule yule aliyejengewa jukwaa hubaki nyuma, akisubiri basi la pili au la tatu. Kwa hiyo idadi ya mabasi, ambayo huzungumzwa kama suala la biashara, ni suala la ufikivu kama ilivyo njia ya mteremko ya kuingilia kituoni.

Tatizo jingine liko mbali na kituo. Anayeishi ndani ya Goba au Makabe hupita kwanza kwenye mchanga, mitaro isiyofunikwa na barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu. Asiyeweza kuikalia bodaboda hukodi bajaji, na gharama ya safari hupanda kabla hajakiona kituo. Daladala, pamoja na kero zake zote, husogea karibu na makazi, na konda hukubali tenga la nyanya la mama anayerudi sokoni. Mabasi mlishi, yaani yale ya kuwaleta abiria kutoka mitaani hadi vituo vya mwendokasi, yalikuwamo katika mpango tangu awali, lakini hayajafika kila yanapohitajika.

Wapangaji wanaweza kujibu kwamba njia kuu lazima zitangulie. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila mwaka unaopita, ardhi ya kupitishia njia hizo inazidi kujengwa na fidia inazidi kuwa ghali. Hoja hiyo naikubali kwa upande wa ardhi: itwaliwe mapema. Wanaweza pia kusema kwamba barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hazimo mikononi mwa wakala wa mabasi. Ni kweli kwa mujibu wa mgawanyo wa kazi, lakini anayesukuma kiti mwendo kutoka nyumbani hadi kituoni anafanya safari moja, haijalishi barabara ni ya taasisi ipi.

Ndiyo maana naona kila njia mpya, ikiwamo ile ya Mbagala yenye kilomita 20 hivi, isihesabiwe kuwa imekamilika lami inapokauka. Bajeti yake ibebe tangu mwanzo mabasi ya kutosha, mabasi mlishi, na njia za miguu zilizosakafiwa kuelekea kila kituo, hata kama hilo litachelewesha njia inayofuata kwa mwaka mmoja au miwili. Ucheleweshaji huo utawaumiza wakazi wa upande mwingine wa jiji, na maumivu yao si madogo. Lakini wakifikiwa, watafikiwa na huduma ambayo hata bibi wa miaka sabini anaweza kuitumia bila kushikwa mkono.