Mkulima wa mihogo mbona hatajwi?

Mwandishi, makala yako uliyomhoji waziri imesifu Mkakati wa Taifa wa Akili Unde (AI) wa Kenya wa 2025–2030 uliozinduliwa Machi 2025, na sina ugomvi na hilo. Ila mifano yote ni ya benki na ofisi za Nairobi! Huku Kilifi kwenye mihogo kuna programu ya PlantVillage Nuru: unaelekeza kamera ya simu kwenye jani, inakuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya mihogo. Inafanya kazi bila bando, tena kwa Kiswahili. Hapo waliotengeneza walifikiria, maana shambani hata shilingi 20 za vocha zina hesabu yake.

Lakini tusidanganyane. Michirizi ya kahawia huozesha mizizi chini kwa chini huku majani pengine yakionekana salama, na kamera haioni ndani ya udongo. Ukishaambiwa shamba lina ugonjwa, mbegu safi utazitoa wapi? Afisa wa kilimo tunamwona kwa nadra (pikipiki mbovu, mafuta hakuna).

Halafu kuna wale vijana wa Nairobi waliosoma maandishi machafu kutwa ili ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali, ijifunze adabu, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, kama jarida la Time lilivyofichua Januari 2023. Hizo ndizo ajira za kidijitali tunazoahidiwa? Mwandishi, ukimpata waziri tena, muulize ujira wa kazi hizo unalindwa na sheria ipi.