Kilemba cha ukoka cha Marie Antoinette

Wapo wanaomtazama Élisabeth Vigée Le Brun (1755–1842) wakaona chawa tu, kama vijana wetu wanavyowaita wanaosifu wakubwa ili wapate riziki. Mchoraji wa Paris, kipenzi cha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa tangu 1778, kila uso umelainishwa, kila ngozi inang'aa. Na ushahidi katoa mwenyewe. Katika nasaha alizoandika kuhusu kuchora sura za watu, anashauri kwamba mwanamke anapokaa mbele yako umsifie, umwambie ni mzuri na rangi yake ina nuru, naye atakaa vizuri. Kilemba cha ukoka kikawa kifaa cha kazi sawa na brashi.

Hata Akademia ya Kifalme, chama rasmi cha wachoraji, aliingia kwa mlango huo. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa picha, na Akademia haikutaka wenye uhusiano na biashara hiyo, jambo lililomzuia kupokelewa. Mei 1783 Malkia akamwombea, Mfalme akaamuru, ubishi ukaisha.

Yote hayo nayakubali. Ila chawa hodari hamwaibishi bwana wake, na huyu alimwaibisha miezi michache tu baadaye. Kwenye Salon, maonyesho ya Akademia, ya mwaka huohuo alitundika picha ya Malkia akiwa na gauni jeupe la melimeli na kofia ya mabua, hana taji wala kito. Watazamaji wakasema Malkia kachorwa na shumizi. Picha ikateremshwa, ikaletwa nyingine: mkao uleule, waridi mkononi, safari hii gauni la hariri na lulu shingoni. Uso ni uleule. Nadhani kilichowachoma ni kuona jinsi cheo kinavyovuliwa kwa urahisi pamoja na nguo.

Picha ya 1787, Malkia na watoto wake, ndiyo inayowapa wakosoaji nguvu zaidi. Ilikuwa ya kumsafisha mama aliyechafuliwa jina na kashfa ya mkufu wa almasi ya 1785, ambapo matapeli walitumia jina lake kujipatia mkufu wa bei kubwa, na jitihada hiyo inaonekana wazi: velveti nyekundu, watoto wamepangwa kama kwenye picha za Familia Takatifu. Mimi huniboa kidogo. Isipokuwa pembeni, ambako mtoto mkubwa wa kiume anaonyesha kitanda kitupu cha mdogo wake Sophie, aliyefariki Juni mwaka huo kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Oktoba 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza kuutikisa ufalme, Vigée Le Brun alitoroka Paris usiku na bintiye Julie. Italia, Vienna, kisha Petersburg nchini Urusi alikofika 1795, alijitafutia riziki kwa mkono wake. Wateja walikuwa watu wa tabaka lilelile, ni kweli, lakini hata huko aliteleza: Catherine II, malkia mtawala wa Urusi, hakuipenda picha ya wajukuu wake wawili, na mikono yao iliyokuwa wazi ikabidi ichorewe nguo.

Wengine humpima kwa mchoraji mwanamke mwenzake, Adélaïde Labille-Guiard, aliyepokelewa Akademia siku moja naye, akabaki Ufaransa na kuwachora wabunge wa Mapinduzi, Robespierre, mmoja wa viongozi wake, akiwemo. Msimamo huo unastahili heshima. Lakini naye alikuwa amechora jamaa za mfalme, na mwaka 1793 alilazimishwa kuharibu picha yake kubwa aliyokuwa akimchorea ndugu wa mfalme. Mwenzake wakati huo alikuwa mbali, akiendelea kuwasifia wanawake ngozi zao ili wasitikisike.