Acha Kuikisia Skrini

Kuna mstari mmoja wa msimbo (code) ambao nikiuona, najua kabla sijaiwasha programu kwamba picha zake zitashtukashtuka: lala milisekunde 16, kisha chora. Hesabu inaonekana safi. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7 hivi, basi tukate desimali, maisha yaendelee.

Desimali hiyo ndiyo inayoumbua. Ukichora kila milisekunde 16 unatoa fremu, yaani picha moja moja, 62.5 kwa sekunde, na skrini inapokea 60. Za ziada ama zinatupwa na mwendo unaruka, ama zinaingia skrini ikiwa bado inachorwa kutoka juu kwenda chini, na hapo ndipo unapouona ule mpasuko: juu picha ya zamani, chini mpya. Weka 17, unapata chini ya 59, sasa fremu nyingine zinaonyeshwa mara mbili. Na bado mfumo endeshi haujakuahidi kwamba utakuamsha kwa wakati uliouomba.

Mpiga ngoma ni skrini. Kazi ya programu ni kucheza. Kivinjari kina requestAnimationFrame, amri inayoiita programu yako ichore skrini inapokaribia kubadilisha picha. Android ina Choreographer ya kazi hiyohiyo tangu toleo la 4.1 la mwaka 2012, Google walipofungamanisha uchoraji wa mfumo mzima na mapigo ya skrini. Zana zipo, tena bure, lakini watu bado wanahangaika na taima.

Wacheza gemu za ushindani huzima V-Sync, mpangilio unaoifanya fremu isubiri pigo la skrini, nami siwalaumu. Kusubiri kunachelewesha kitendo kuonekana, na ukiwa na bafa mbili tu (sehemu za kumbukumbu zinazoshika fremu), fremu ikipitiliza kidogo zile 16.7 inangoja zamu ijayo. Kasi inaporomoka hadi 30. G-Sync ya Nvidia, iliyotangazwa 2013, iligeuza mambo: skrini ndiyo inayoisubiri kadi ya grafiki. Sawa, kwa mwenye kioo cha aina hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni gemu za simu zinazosogeza mhusika kwa kuhesabu fremu. Kwenye simu ya hezi 120 jamaa anakimbia maradufu! Pima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, uzidishe kwa kasi unayoitaka. requestAnimationFrame hukukabidhi saa ya kila fremu bila hata kuiomba.