Meza ya Mtu Mmoja, Oia

Katika kijiji cha Oia, kisiwani Santorini, Ugiriki, mlangoni mwa mgahawa hupokewi kwa salamu, unapokewa kwa vidole viwili. Mhudumu anavinyanyua huku anatabasamu, anachungulia nyuma yako kama kuna mtu anakuja, kisha tabasamu linapungua. Kwa siku nne mfululizo nilimjibu kwa kidole kimoja. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nikaanza kuona hasira: meza zote za ukingoni, zinazotazama bahari, eti zilikuwa zimeshachukuliwa, nami nikawekwa karibu na mlango wa jikoni. Pale niliona vizuri sana jinsi sahani chafu zinavyopangwa.

Nayasema haya mapema asije mtu akadhani naandika sifa tupu. Oia imeuzwa kwa dunia nzima kama mahali pa fungate, na kila kitu kimekatwa kwa kipimo cha watu wawili. Chumba ni cha wawili, ukilala peke yako unalipa vilevile. Hata kwenye dirisha la viza niliulizwa mara mbili nakwenda na nani. Nilikuwa nimelipa ada ya yuro 90, nimekata bima ya matibabu ya yuro 30,000 kama Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wanavyotaka, nimebeba taarifa za benki na barua ya mwajiri. Yote hayo hayakumsumbua karani. Kilichomsumbua ni mwanamke wa miaka 41 kwenda kisiwani peke yake. Shangazi yangu wa Tanga naye aliuliza hilohilo, ila kwa huruma: "Mwanangu, ukiugua huko nani atakupa maji?"

Hata hivyo nimerudi na msimamo ambao rafiki zangu wawili waliokwenda kule na waume zao hawautaki kabisa: Oia inamfaa zaidi anayekwenda peke yake. Na sababu si machweo.

Niyamalize hayo machweo kwanza. Saa kumi jioni watu wanaanza kujazana kwenye magofu ya ngome ya zama za Wavenisi, ncha ya kijiji. Saa kumi na mbili huwezi kugeuka. Mbele yangu kulikuwa na vijiti vya simu, viwiko, na bwana mmoja aliyepiga goti kumvisha mchumba wake pete, akalazimika kurudia kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Jua lilipozama umati ukapiga makofi, kana kwamba kulikuwa na hatari lisizame. Nilikwenda mara moja tu.

Oia yenyewe nilikuja kuijua asubuhi na mapema.

Nilikuwa nimepanga chumba Finikia, kitongoji cha jirani ambako bei inashuka kidogo, kwa hiyo ilinibidi kuingia kijijini kwa miguu. Wachumba wamelala. Njia kuu ya marumaru inaoshwa kwa mpira wa maji. Nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, wanapanda ngazi na mifuko ya saruji mgongoni, maana vichochoro havipitishi gari, na kengele zao unazisikia kabla hujawaona. Mabinti wanavuta matenga ya mashuka. Kwenye ukuta mmoja kijana alikuwa anapaka rangi nyeupe, nikasimama kumtazama, kwa sababu mimi nimekulia kwenye nyumba iliyopakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi na najua mkono mzuri nikiuona. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza. Akaniambia anatoka Albania, mke na mtoto wako kwao, anakuja msimu unapofunguka na kuondoka unapofungwa. Akauliza kama na mimi nimekuja kikazi. Niliposema hapana, natembea tu, alicheka na kunipisha kwenye kivuli.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Yule mpaka rangi yuko peke yake. Mwosha vyombo niliyemwona nyuma ya jikoni alikuwa anazungumza na mama yake kwa video. Binti wa mapokezi pale nilipolala anatoka Ugiriki bara, analala chumba kimoja na wenzake watatu. Kijiji kinachouza mapenzi ya watu wawili kinaendeshwa na watu walioacha wapenzi wao mbali. Ukienda na mwenzako hutawaona, macho yako yatakuwa kwake, ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa peke yako unawaona kuanzia siku ya kwanza, na wao wanakuona.

Si jambo jipya pale. Karne ya 19 Oia ilikuwa na kundi kubwa la majahazi yaliyosafirisha mizigo kati ya Aleksandria na bandari za Urusi. Manahodha walijijengea nyumba za ghorofa juu, zenye madirisha mapana. Mabaharia wa kawaida walichimba mapango kwenye uso wa genge, yaani mwamba unaoshuka wima baharini, ndani ya jivu la volkano lililoshikana, laini kiasi cha kuchongwa kwa sururu. Mbao hazikuwepo, kwa hiyo paa likawa la kuba. Kiangazi ndani ni baridi, kipupwe ni joto, na maji ya mvua yanaelekezwa kwenye birika chini ya ua. Kijiji cha mabaharia ni kijiji cha wanaobaki. Mtu wa Lamu au Pemba hahitaji kuelezwa hilo.

Kisha meli za mvuke zikayaua majahazi, na tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa likabomoa sehemu kubwa ya kijiji. Wengi walihama. Mapango yalikaa matupu hadi watalii walipokuja, na leo pango la baharia fukara, likiwekwa bwawa dogo la kuogelea mlangoni, ni chumba cha bei kali sana. Sijui wale mabaharia wangecheka au wangelia.

Ardhi ile haijatulia, jambo ambalo matangazo hayasemi. Genge lote ni ukingo wa shimo lililobaki baada ya mlipuko wa volkano miaka 3,600 hivi iliyopita, katikati ya kisiwa ikazama na bahari ikaingia. Kisiwa cheusi unachokitazama ukinywa kahawa, Nea Kameni, kililipuka mara ya mwisho mwaka 1950. Februari 2025 matetemeko mfululizo yaliwafanya zaidi ya watu 10,000 waondoke Santorini kwa meli na ndege. Nilifika Oktoba mwaka huohuo, na kila mlango ulipobamizwa kwa nguvu nilitazama dari.

Jiwe la kusugulia visigino, lile jepesi linaloelea kwenye ndoo, limejaa kila mahali chini ya magenge. Nilichukua moja dogo. Na jivu la huko lina kisa chake: likichanganywa na chokaa linaganda hata ndani ya maji, na shehena zake zilipelekwa Misri kujengea Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Meli za Ulaya zilizofika Zanzibar na Mombasa kwa njia ya mkato zilipita kwenye kuta zenye vumbi la kisiwa hiki. Hilo lilinifurahisha kuliko machweo, na sikuwa na wa kumwambia, ikabidi nimwambie yule mpaka rangi. Alisikiliza kwa adabu.

Siku ya tatu nilitembea kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa, hadi Oia kwa njia ya ukingoni, kama kilomita 10, ikanichukua saa nne kwa sababu nilisimama ovyo. Upweke kule juu ni raha tupu. Pabaya ni pale ngazi za kushuka bandari ndogo ya Ammoudi zinapoteleza kwa kinyesi cha punda; vaa viatu vya kushika chini, si makubazi kama yangu. Usipande punda. Tangu 2018 sheria ya Ugiriki inakataza kuwabebesha zaidi ya kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wao, lakini sikumwona aliyebeba mizani.

Chakula cha mtu mmoja kinapatikana, tena kizuri: bajia za nyanya, na fava, aina ya dengu za njano zilizopondwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni na kitunguu. Nenda saa sita kamili, kabla ya wengine. Siku ya mwisho niliwawahi wengine vilevile, mapema jioni, mhudumu akainua vidole vyake viwili, nami kabla hajachungulia nyuma yangu nikaketi meza ya ukingoni. Alisimama kidogo, akaondoa uma wa pili.

Niliporudi Tanga shangazi alitaka picha. Nilikuwa na mia tatu: milango, mabirika, mikono ya mpaka rangi, jiwe la visigino. Akazipitia zote kwa kidole, taratibu, kisha akauliza, "Wewe uko wapi?" Nikamwonyesha moja, aliyonipiga mtalii wa Korea: nusu ya bega langu, na nyumbu mzima.

"Huyu," akasema shangazi, "ndiye uliyekwenda naye?"