Gaksital na askari wa Jongno: kinyago kinamficha nani?

Katika tamthilia ya Kikorea ya Gaksital, Lee Kang-to ana majina mawili. Nyumbani kwa mama yake ni Kang-to. Kituoni Jongno, katikati ya Seoul ya miaka ya 1930, ni Sato Hiroshi: askari kijana ndani ya sare ya mkoloni wa Kijapani, mwepesi wa kofi, mwenye njaa ya cheo, anayewatesa Wakorea wenzake kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kila kilio. Kazi aliyopewa ni moja, kumkamata mtu wa kinyago cheupe cha bi harusi ambaye huwaandama vigogo wa serikali na vibaraka wao kwa filimbi ya chuma. Anampiga risasi. Kisha anagundua kwamba aliyempiga ni kaka yake wa tumbo moja, yule ambaye nyumbani alijifanya punguani tangu mateso ya polisi. Mama naye anauawa. Kang-to anaokota kinyago na kukivaa, na asubuhi anarudi kituoni kama kawaida, akiwa na sare yake.

Hiyo ndiyo Gaksital, tamthilia ya sehemu 28 iliyorushwa na KBS2 kuanzia Mei hadi Septemba 2012, ambayo nje ya Korea inafahamika zaidi kwa jina la Bridal Mask. Ilitokana na katuni ya Huh Young-man ya miaka ya 1970, na Joo Won ndiye aliyecheza kama Kang-to. Wengi wetu tuliingia kwenye tamthilia za Korea kwa mlango wa Jumong, tumebanana kwenye vibanda umiza, msimulizi akitutafsiria na kuongeza chumvi zake. Kwa aliyezoea wafalme na mapanga, hii ya polisi na mkoloni ina ladha nyingine kabisa. (Anayepanga kuitazama ajue kwamba hapa chini nitamharibia utamu.)

Ubishi juu yake haujaisha hadi leo. Upande mmoja unasema ni uchochezi uliopakwa rangi ya uzalendo. Upande mwingine unasema ni kumbukumbu halali ya watu waliotawaliwa tangu 1910 hadi Agosti 1945, na kwamba aliyeumwa hafundishwi namna ya kulia.

Wakosoaji wana hoja, na tusizipuuze. Wajapani wengi humo ni mashetani wa katuni: wanacheka huku wanaua, wanakunywa huku wanatesa. Kuna chama cha siri, Kishokai, ambacho kila ovu linaishia mlangoni kwake, kana kwamba ukoloni ulikuwa njama ya watu kumi mezani na si mfumo wenye mahakama, shule, reli na vitabu vya kodi. Nyakati nazo zimekorogwa. Hadithi imewekwa miaka ya 1930, lakini inabeba mambo kama kuwaingiza wanafunzi jeshini, jambo lililopamba moto mwaka 1943 na 1944 vita vilipomzidia Mjapani. Anayejifunzia historia humo atatoka amevichanganya vizazi viwili kwenye sufuria moja.

Halafu kuna hali ya hewa ya kisiasa. Tarehe 10 Agosti 2012, tamthilia ikiwa hewani bado, Rais Lee Myung-bak alikwenda kwenye visiwa vya Dokdo, ambavyo Japani inavidai kwa jina la Takeshima, na Tokyo ikamwita balozi wake nyumbani. Mtazamaji aliyemwona rais kwenye taarifa ya habari na Gaksital kwenye tamthilia alikuwa akila chungu kimoja kwa vijiko viwili. Watayarishaji hawakuipanga safari ile, ila iliwafaa.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba ni tamthilia ya chuki tu, na sababu yangu inaitwa Kimura Shunji. Huyu ni Mjapani, mtoto wa mkuu wa polisi, mwalimu wa shule ya msingi anayewapenda wanafunzi wake wa Kikorea na anayemhesabu Kang-to kama ndugu. Kang-to, akiwa ndani ya kinyago, anamuua kaka wa Shunji, yule aliyemuua mama yake Kang-to. Shunji anaacha chaki, anavaa sare ya polisi ili amtafute muuaji, na kidogo kidogo anakuwa mtesaji mbaya kuliko wote. Yaani njia aliyopita Kang-to kutoka kwenye ukatili kwenda kwenye uasi, Shunji anaipita kinyumenyume, na wote wawili walisukumwa na jambo lilelile: kaka aliyeuawa. Mtunzi mwenye nia ya kuchochea tu asingehangaika kumjenga adui wa namna hiyo. Park Ki-woong anamcheza kwa utulivu unaotisha; kuna nyakati nilimhurumia yeye kuliko shujaa, na nikajikasirikia.

Kwa hiyo swali la kama Wajapani wameonewa mimi naliona ni la pembeni. Anayeshtakiwa humo ni Mkorea aliyevaa sare, na ugomvi wangu na tamthilia hii unahusu jinsi inavyomwachia huru.

Tuwatazame watu wawili wa kweli. Wa kwanza ni Kim Sang-ok, mwanachama wa Uiyeoldan, kundi la siri lililoanzishwa 1919 kwa kazi ya kuua na kulipua. Ndiye anayetajwa kuwa alirusha bomu ndani ya kituo hichohicho cha Jongno tarehe 12 Januari 1923. Siku kumi baadaye alizingirwa na polisi, akapigana nao hadi akabakiza risasi ya mwisho, akajimalizia mwenyewe. Hakuwa na kinyago wala filimbi.

Wa pili ni Noh Deok-sul, Mkorea aliyepanda vyeo katika polisi ya mkoloni kwa kuwatesa wapigania uhuru. Uhuru ulipokuja 1945 hakukimbia. Utawala wa kijeshi wa Marekani uliwahitaji askari wenye uzoefu, na uzoefu wanao waliofunzwa na Mjapani, basi akawa mkuu wa upelelezi katika polisi ya Seoul. Bunge lilipounda kamati maalumu ya kuwachunguza waliomtumikia mkoloni, Noh alikamatwa Januari 1949. Rais Syngman Rhee mwenyewe alimtetea. Tarehe 6 Juni mwaka huo polisi walivamia ofisi za kamati, na kazi yake ikafa kabla mwaka haujaisha. Wachache waliokuwa wamehukumiwa walitoka mapema. Orodha kamili ya majina ilisubiri hadi Novemba 2009, taasisi ya kiraia ilipochapisha kamusi ya vibaraka yenye majina 4,389, miaka mitatu tu kabla ya Gaksital kurushwa.

Sasa mtazame tena Kang-to. Mchana ni Noh, usiku ni Kim. Tamthilia imewachukua watu ambao, wangekutana, mmoja angemng'oa mwenzake kucha, ikawashona ndani ya mwili mmoja wenye sura nzuri. Kwa hadithi ni ufundi mtupu: kila sehemu inaisha Kang-to akinusurika kugunduliwa, na moyo wako uko mkononi. Kwa historia ni faraja isiyolipiwa. Inamnong'oneza mtazamaji wa Korea kwamba labda babu yake naye, yule aliyevaa sare, alikuwa na kinyago kabatini.

Huenda naonea, kwa sababu ndumilakuwili wa namna hiyo amewahi kuwepo. Hwang Ok alikuwa mkaguzi wa Kikorea katika polisi ya mkoloni, jimbo la Gyeonggi. Mwaka 1923 alikamatwa pamoja na watu wa Uiyeoldan kwa kuingiza mabomu kutoka China. Mahakamani alidai kwamba alikuwa kazini, akilichimba kundi lile kutoka ndani kwa maslahi ya polisi. Akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Wanahistoria mpaka leo wanavutana: jasusi aliyejifanya mwanamapinduzi, au mwanamapinduzi aliyejifanya jasusi? Wanaoitetea Gaksital wakimtaja Hwang Ok, nitanyamaza kidogo. Lakini angalieni tofauti. Hwang Ok mpaka leo hatujui moyo wake ulikuwa wapi. Moyo wa Kang-to tunaujua kila dakika. Tangu akivae kinyago, mtazamaji haachiwi nafasi hata ya sekunde ya kumshuku.

Ndiyo maana sehemu ninazozirudia ni zile za mwanzo, kabla hajakivaa. Kang-to wa wakati ule anachukiza. Mama mtu mzima anatukanwa na majirani kwa ajili yake, naye anajibu kwamba kaka yake alipigania nchi na nchi ikampa nini? Ni jibu la mtu wa kawaida kabisa, aliyechoka na njaa. Njaa haimwondolei dhambi, ila inatuonyesha mkoloni alivyopata askari bila kuwatoa wote Tokyo. Mambo ya baadaye, huyu kakimbia, yule kafungwa, Mok-dan mpenzi wake katekwa tena, yangeweza kupunguzwa sehemu sita na nisingelalamika. Mok-dan mwenyewe, binti wa mpigania uhuru, anaanza na kisu mkononi na mdomo mkali, kisha mapenzi yanamgeuza mtu wa kusubiri kuokolewa.

Kinyago chenyewe kinastahili maneno mengi kuliko kinavyopewa. Gaksi ni bi harusi, tal ni kinyago. Kinatoka kwenye vinyago vya mbao vya kijiji cha Hahoe, Andong, vilivyo miongoni mwa hazina za taifa la Korea. Katika ngoma za kijiji, vinyago vilimpa mtu wa chini nafasi ya kumcheka bwana mbele ya macho yake. Mkulima aliyefunika uso aliweza kumwambia mwinyi yale ambayo uso wazi ungemponza. Na katika vinyago vyote vile, cha bi harusi kina macho yanayotazama chini na midomo iliyofumbwa. Ni uso wa mtu anayetakiwa kunyamaza. Kumvika muuaji uso huo ni wazo zito, na sijui kwa nini tamthilia inaligusa na kuliacha.

Kwetu Afrika Mashariki kilichofunika uso kina kumbukumbu nyingine. Nairobi, Aprili 1954, Waingereza walipofanya msako mkubwa dhidi ya Mau Mau, watu walipangwa mstari na kupitishwa mbele ya mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Waliitwa gakunia. Pale aliyejificha alikuwa msaliti, na waliosimama uso wazi ndio waliopelekwa kambini. Hao waliokuwa chini ya gunia, vita vilipokwisha, walilivua na kurudi mitaani, na jirani hakujua amsalimie nani na amnunie nani.

Nalikumbuka gunia hilo kila ninapofika sehemu ya 28. Mok-dan amekufa siku ya harusi yake, kwa risasi iliyomlenga Kang-to. Shunji amejiua. Usiku Kang-to anatoka mbele ya umati, bendera za Korea juu, na watu wamevaa vinyago vya Gaksital. Inasisimua, nakiri, mara ya kwanza nilisimama kwenye kochi. Mara ya pili nikasimamisha picha na kuanza kukagua safu moja baada ya nyingine. Nyuso zote nyeupe, midomo yote imefumbwa. Niliishia safu ya tatu, bado namtafuta aliyekuwa amevaa sare jana yake.