Bayogesi ya samaki kwenye meli: faida ipo, lakini injini inavuja

Mwishoni mwa 2018 kampuni ya Hurtigruten, ambayo meli zake zimehudumia pwani ya Norwei tangu 1893, ilitangaza mpango wa kuendesha baadhi ya meli kwa bayogesi itokanayo na samaki waliokufa na taka nyingine za kuoza. Mimi naiunga mkono nishati hii, ila sioni haki kuiita safi kabla ya kupima kinachotoka kwenye dohani.

Utengenezaji wake unaeleweka vizuri. Kiwanda cha Skogn, si mbali na Trondheim, hupokea mabaki ya ufugaji wa samoni na kuyachanganya na tope la majitaka ya kiwanda cha karatasi kilicho jirani. Ndani ya matangi yasiyopitisha hewa, bakteria humeng'enya uchafu huo na methani, gesi inayowaka ambayo ndiyo sehemu kuu ya bayogesi, hutoka. Husafishwa, kisha hupoozwa hadi kama nyuzi 160 chini ya sifuri ikawa kimiminika. Meli iliyokwisha kuwa na matangi ya gesi asilia huipokea bila kubadilishwa chochote, na moshi wake hauna salfa ya mafuta mazito.

Watetezi husema kaboni yake haikuchimbwa ardhini, ilikuwa tayari inazunguka baina ya viumbe na hewa. Ni kweli kabisa. Shida ni gesi inayopita kwenye injini bila kuungua. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu nishati ya meli, zilizoanza Januari 2025, huchukulia kuwa injini za gesi za mwendo wa kati hupitisha asilimia 3.1. Katika miaka 20 ya mwanzo methani hupasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Basi kwa kila tani 100 za bayogesi, tani 3.1 zinazovuja ni sawa na tani 248 za kaboni dioksidi. Ukipima kwa miaka 100, nguvu yake ya kupasha joto hushuka hadi mara 28 hivi. Gesi asilia ingevuja vilevile, kwa hiyo bayogesi bado ina nafuu, na nafuu kubwa. Lakini uchafuzi wake si sifuri.

Kuna pia suala la mizoga yenyewe. Mwaka 2023 samoni zaidi ya milioni 60 walikufa kwenye vizimba vya baharini Norwei, wengi kwa magonjwa na majeraha. Mzoga ukigeuka bidhaa, mfugaji anapunguziwa sababu ya kuwaokoa. Serikali ihakikishe kila samaki anayekufa anaendelea kumtia hasara mfugaji, hata kiwanda kikimhitaji.

Tena taka hizi hazitoshi meli zote. Norwei ina kivuko cha umeme, Ampere, tangu 2015. Safari fupi ziachiwe betri. Bayogesi iende kwenye meli za masafa marefu, na uvujaji upimwe meli ikiwa safarini, injini ikifanya kazi kwa nguvu ndogo pia, maana hapo ndipo sehemu kubwa zaidi ya methani hupita bila kuungua.