Siku kinanda kilipoanzisha disko katikati ya tenzi

Mi ndo mpiga kinanda kanisani kwetu, na kama hujawahi kuwa mpiga kinanda wa kanisani usitamani, manake una mabosi wa aina mbili. Wazee wanataka tenzi za kitabuni, polepole, beti zote hata kama ziko sita, sauti nne zimekaa sawa, na ukiruka ubeti wa tatu wanakuangalia kama umechana Biblia. Vijana wanataka pambio la mistari minne lirudiwe mpaka usahau lilianzaje, taa zipunguzwe, gitaa lilie. Mi nipo katikati nalaumiwa na wote.

Ikaitwa kamati. Nikajitia msomi, nikawaambia wazee hata Isaac Watts alipotoa tenzi zake mwaka 1707, Uingereza kulikuwa na makanisa yaliyozoea kuimba zaburi tu na yakaziona tenzi hizo ni mambo ya ajabu, kwa hiyo hiki mnachokiita cha zamani nacho kilishawahi kuwa kipya. Nikanyamaza nikisubiri waguswe. Mzee anayeongoza kwaya akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo Watts kinanda chake kilikuwa na ngoma ndani?"

Nikasema hapana, mzee.

"Haya, tuendelee na ajenda."

Muafaka ukawa wazee wafungue ibada kwa utenzi mmoja, halafu vijana wachukue. Safi. Sasa Jumapili yenyewe vijana wakafanya mazoezi asubuhi kabla watu hawajafika, wakamaliza, wakaenda kubadilisha nguo, kinanda wakaacha kinawaka. Kingezimwa tu kingerudi kwenye hali yake ya kawaida na mi nisingekuwa na stori ya kuwapa. Lakini kimeachwa vilevile: mdundo wa disko, spidi 138, sauti imepandishwa nusu-toni nne (wanaojua piano, G imekuwa B), na kile kitaa kidogo chekundu kinakonyeza, yaani bendi nzima iko ndani inasubiri tu mkono wa kushoto uguse ianze. Mi hata sikuangalia. Nimekaa, nimeinamisha kichwa, nimeshusha mikono kwa unyenyekevu wote.

PUUH! Ngoma, besi, tarumbeta!

Nikatoa mikono haraka kama nimeshika sufuria la moto, ngoma zinaendelea, manake hizo staili ukishaziamsha hazikuhitaji tena. Nikabonyeza kitufe nikijua ni cha kuzima, kumbe ni kile cha mbwembwe, ngoma zikamwagika prrrrrr na tarumbeta zikaitikia. Ikabidi nishushe volyumu. Hapo ningepona, ila fundi sauti kule nyuma akaona kinanda kimepotea, na yeye ni mtu anayeipenda kazi yake, akakipandisha kwenye mikisa. Nashusha, anapandisha. Nashusha, anapandisha, na kidole gumba ananionyesha kabisa kwamba usijali kaka nimekuona.

Na Mzee? Mzee hakugeuka. Kafungua kitabu, kainua mkono, kaanza kupiga mapigo yake yaleyale ya miaka yote, na wazee wote wakaingia naye. Na sijui niseme ni bahati mbaya au nzuri, utenzi ule anauendesha kama mapigo 69 kwa dakika, na 138 gawa kwa mbili ni ngapi? Ukakaa! Kila pigo moja la Mzee, disko linapiga mawili, hakuna aliyemkwaza mwenzake.

Shida ikawa sauti. Soprano walipofika mstari wa tatu, ule unaopanda, nikaona mishipa ya shingo tu. Besi wamejikuta tenor. Tenor wenyewe, Mungu awasaidie, mmoja alifungua mdomo ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta, akafunga kitabu akakaa chini. Vijana huku nyuma wanapiga makofi kwa raha zote, beti hawazijui hata moja, wanamung'unya mung'unya, kiitikio kikifika wanalipuka.

Ubeti wa nne mtu akapata akili akachomoa waya ukutani. Kimyaaa. Nikadhani yameisha. Wapi! Wazee wakaendelea bila kinanda, palepale juu kwenye B, wamekunja nyuso, mpaka ubeti wa sita na amina yake ya sauti nne.

Baada ya ibada wazee wanasema nimefanya makusudi kuwaharibia, vijana wananipa tano wanasema bro umetisha, na kila nikieleza kwamba ilikuwa bahati mbaya hakuna upande unaotaka kusikia. Nikaenda kufunika kinanda nikamkuta Mzee kashawahi, kainama, miwani kwenye ncha ya pua, mkononi ana plasta za kidonda. Anabandika kitufe kimoja kimoja. Disko, plasta. Samba, plasta. Mbwembwe, plasta mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki cha nini?"

"Cha kuwashia, mzee."

Akakifikiria kwa muda mrefu kidogo. Akakiacha, ila juu yake akabandika kipande na kuandika kwa kalamu: KWA RUHUSA.